Nimeongeza valvu ya loda kwa MF 135 ya mzee: uzoefu wangu

Nina Massey Ferguson 135 ya 1972, aliiacha marehemu baba, iko hapa Bweyale, Uganda, na mpaka leo inalima mahindi. Mwaka jana nikapata loda ya mitumba nikasema niifunge mbele inipakilie samadi. Shida, hii trekta ilitoka kiwandani na njia moja tu ya oili ya nje, ile ya kutipia trela, inasukuma kwenda juu tu, kushuka ni kwa uzito. Ndoo ya loda lazima isukumwe kwenda na kurudi.

Nikampata fundi Kampala, simtaji. Valvu ya leva mbili, hozi na kazi yake, milioni moja na laki nane za Uganda, tulibishana siku mbili. Alichukua oili ya presha chini ya kiti, juu ya mfuniko wa lifti (ile mikono ya nyuma inayonyanyua plau), oili ya kurudi akaipitisha tundu la kujazia. Kuchomelea anajua, sikuona hata tone.

Sasa nimefika shamba nataka kunyanyua plau, plau imelala kama mgonjwa. Navuta leva, wapi! Kumbe ile valvu ikiwa haijavutwa inaacha oili ipite wazi irudi giaboksi, na oili haina wazimu wa kubeba plau wakati kuna njia rahisi. Ilitakiwa koki ya njia tatu ya kuchagua: ama lifti ya nyuma ama loda. Kumpigia simu ananiambia ati pampu imechoka, ninunue mpya! Pampu nzima kabisa. Koki nikaitafuta mwenyewe Kisekka, soko la vipuri la Kampala, laki moja na ishirini, makanika wetu wa hapa akaifunga jioni moja, plau ikaamka.

La pili ndo lilinikasirisha kweli, hozi. Kaniwekea R1, yaani ya tabaka moja la waya ndani, ya nusu inchi, hiyo kazi yake inaishia kama 2,300 psi (kipimo cha presha) na haidroliki ya hii trekta inaweza kufika hapo na kupita. Baada ya wiki tatu moja ikaanza kutoa moshi mwembamba wa oili, kijana wangu akanyoosha kidole aguse nikampigia kelele, maana oili ya presha ile inapenya ngozi kama sindano na mkono unaweza kukatwa. Tulipitisha kipande cha boksi la sabuni, kikatoboka hapo hapo. Nimebadilisha zote nikaweka R2 za tabaka mbili za waya, hizo hubeba hadi 4,000.

Mkifungua hozi zifungeni midomo na kavera (mfuko wa plastiki) safi, vumbi likiingia linaenda moja kwa moja kwa pampu, oili ni ile ile ya giaboksi. Na silinda za loda zikishajaa pimeni tena oili ya giaboksi, mimi niliongeza lita tano.

Fundi nampa tano kwa kumi, wazo lenyewe nane. Loda iko polepole, samadi ya trela moja ni nusu saa hivi, lakini mgongo wangu umepona. Leva ya lifti lazima uisukume mpaka alama ya kusukuma muda wote, la sivyo pampu hainywi oili. Na ukikanyaga klachi mpaka chini kabisa pampu inasimama, ndoo inabaki hewani inakuangalia, kwa hiyo siku hizi nanyanyua kwanza halafu ndo natafuta gia.