Uzoefu wangu: Makazi mapya nje ya mji, sirudii tena

Nyumba yenyewe sina ugomvi nayo. Kuta zimenyooka, usiku kimya. Kilichonichefua ni msimamizi wa makazi.

Jioni moja, msimu wa joto, nilitoa kiti nikakaa mlangoni kwangu nipunge upepo. Akasimamisha gari, akashusha kioo nusu, hata salamu hakuna. "Hicho kiti rudisha ndani." Nikamuuliza kinamzibia nani njia. Akajibu ni kanuni, kinaharibu sura ya mtaa, kisha akaondoka bado nazungumza. Siku chache baadaye nilikikuta kimetupwa nyuma ya kibanda cha walinzi, mguu umevunjika.

Sura gani hiyo isiyotaka mtu ndani yake? Nilikotoka, mtaa wa zamani, milango inatazamana. Chini duka, juu watu wanaishi, pembeni fundi viatu na msumari mdomoni. Mtoto akianguka, ameshainuliwa kabla mama yake hajasikia. Huku kinachotazama barabara ni mlango wa gereji. Jirani wa nyuma namwona dirishani akianika nguo, lakini kumfikia lazima nitoke hadi barabara kuu nizunguke, kwa sababu kila njia ya ndani inaishia ukutani. Na njia ya waenda kwa miguu hawakuweka.

Hizo kanuni wanazojivunia, za kutenga nyumba na maduka, zina historia. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu Euclid, kijiji cha Ohio, kutenga maeneo ya makazi na ya biashara, na mpango huo ukaenea. Ndiyo maana huku hata kiberiti unakifuata kwa gari.

Nilikusudia kuandika kwamba panawafaa wenye watoto. Nafuta. Mtoto asiyeendesha gari huku amefungwa, hata kwa rafiki yake hafiki bila kupelekwa. Labda pamfae anayerudi kulala tu. Hapana, hata huyo simshauri, maana siku akiugua hakuna atakayejua hajatoka.

Ndiyo, mitaa ya zamani ina mabomba yanayovuja, pa kuegesha gari ni vita, na kelele za jirani unazisikia hadi usingizini. Nimeishi na hayo yote kwa miaka. Mkataba ukiisha nayarudia, hata nikipata chumba cha juu chenye ngazi nyembamba ambayo kabati halipiti.