Maneno kwenye mchoro: mwandiko wa mkono au stensili?

Shirin Neshat, msanii mzaliwa wa Iran, aliandika mashairi ya Kifarsi kwa wino juu ya picha za kamera za mfululizo wake Women of Allah (1993–1997). Mchoraji Glenn Ligon wa Marekani hupaka rangi nzito ya mafuta kupitia stensili, yaani kibao chenye matundu ya umbo la herufi. Ufuate njia ipi?

Kwa gharama, mkono unashinda: kalamu na wino vinatosha. Kwa kusahihisha, hapana. Ukikosea neno la mwisho, karatasi nzima imeharibika. Ila mwandiko una pumzi. Unaona wino ulivyokolea neno linapoanza, ukafifia linapoisha, na pale mkono uliposita.

Wanaosema stensili haina uhai wamtazame Ligon kwa karibu: akirudia sentensi ileile kushuka chini, rangi hujikusanya kwenye stensili, na herufi zilizosomeka vizuri juu huvurugika hadi kuwa weusi mtupu.

Utunzaji? Wino hafifu huchujuka kwa mwanga. Rangi nzito ya mafuta huchelewa kukauka.

Kama maneno ni yako, ya moyoni, andika kwa mkono. Kama umeyanukuu na unataka yarudiwe mpaka yachoke, chukua stensili.