Zram ya Linux: msaada mkubwa, ila si wakati wa dhiki
Zram, iliyoingizwa rasmi katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux toleo la 3.14 mwaka 2014, hubana kurasa za kumbukumbu (vipande vidogo vya data) zisizotumika kwa wakati huo na kuzihifadhi humo humo kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, badala ya diski, jambo linalozifaa sana kompyuta zenye RAM ndogo. Hata hivyo, na hapa ndipo ninapoipunguzia alama, ili kuupokea ukurasa, zram yenyewe huhitaji nafasi mpya ya RAM. Nafasi hiyo ikikosekana, uandishi hushindwa, ukurasa hubaki ulipokuwa, na kerneli huweza kulazimika kuifunga kwa nguvu programu mojawapo. Data iliyokwisha kubanwa, kama video, haiokoi kitu. Mwenye diski ya kutosha ningempendekezea zswap, mbinu nyingine ya Linux ya kubana kurasa, ambayo ukurasa ikishindwa kuuhifadhi huuacha uende kwenye diski.