Tsurunoyu, kule Akita Japani: siku mbili mu maji moto ya volkano

Nilikuwa Japani mwezi wa pili kwa formasyo ya wiki tatu mu mji wa Sendai, tukapewa siku ine ya konje katikati, na mi na mwenzangu wa Bukavu tukasema hatuendi Tokyo kuangalia maduka, tunaenda kulala mu ile nyumba ya maji moto yenye ba formasyo walikuwa banatuonyesha ku foto. Inaitwa Tsurunoyu, iko Akita, juu kabisa mu mlima, sehemu yenye banaita Nyuto, kuko nyumba saba tu za wageni na Tsurunoyu njo ya zamani kupita zote. Batu benyi hapa Goma banauliza kama inastahili makuta na safari. Mi nasema ndiyo, lakini ulale siku mbili, hapana moja, nitaeleza.

Kwanza shauri ya kushika nafasi. Tulipitia ajansi moja ya mutandao, tukalipa dolari makumi ine ya komisyo, siku tatu mbele ya kuenda tunauliza, kumbe hakuna kitu ilipangwa, na zile dolari hazijarudi mpaka leo. Ilituuma sana. Dada mumoja Mujapani wa formasyo njo alipiga telefone ku nyumba yenyewe, akaongea dakika tano, ikaisha. Kwa hiyo tafuta mutu anajua Kijapani akupigie, na mapema sana juu nafasi zinaishaka haraka. Bei inahesabiwaka kwa kichwa, hapana kwa chumba, chakula ya mangaribi na ya asubuhi iko ndani, halafu kuko kodi ya kuoga, yeni 150 kwa mutu.

Treni inaitwa Komachi, ile nyekundu, inatembea imeshikana na ingine ya kijani mpaka Morioka, pale banaziachanisha na ya kwetu ikaanza kuingia mu milima pole pole mpaka gare ya Tazawako. Kisha bisi dakika kama 35 mpaka kituo ya Alpa Komakusa, gari ya nyumba inakuja kukukamata pale kama uliwaambia saa ya kufika. Theluji ilikuwa imepita kichwa yangu pande zote mbili za barabara.

Ile bisi inapita pembeni ya ziwa Tazawa, na hapo mutu wa Kivu lazima ageuze shingo. Njo ziwa yenye kina kirefu kuliko zote za Japani, mita 423, ya kwetu Kivu inafika karibu 480. Ilikuwa na samaki yake yenyewe, kunimasu, hakuna pengine ilikuwa. Mwaka 1940 banaingiza ndani maji ya mto Tama yenye asidi kali, maji yenye inatokaka ku chemchemi moto za volkano, juu ya kutafuta kura (umeme) na kumwagilia mashamba, samaki ikakufa yote. Kisha 2010 banaikuta iko hai mu ziwa ingine, Saiko, karibu na mlima Fuji, juu mbele ya ile shida batu walikuwa wamepeleka mayai yake kule. Mwenzangu akaniambia, "Yaya, fikiria siku moja sambaza, samaki zetu ndogo za Kivu, zimekosa." Sikumujibu, nilibaki naangalia maji.

Nyumba sasa. Ukiingia unaona mustari ya vyumba vya mbao nyeusi na paa ya majani nzito, theluji juu yake, taa ndogo za manjano. Sehemu ile banaita honjin, njo walinzi wa mutawala wa Akita walikuwa banalala wakati mukubwa wao alikuja kujitibu na haya maji mwaka 1638. Kila chumba ya pale iko na shimo ya moto katikati, makala ndani, na chakula banakuletea pale pale unakaa chini. Samaki ya mto, iwana, imechomwa na chumvi ku kijiti, unakula mpaka kichwa. Halafu chungu ya supu ya miso inaning'inia juu ya makala, ndani yake matonge ya kiazi ya porini chenye banasaga mpaka kinakuwa laini na chenye kuvutika, mi nilisikia ni kama mateke (magimbi) ya kwetu lakini laini zaidi. Nilikula bakuli tatu. Ile joto ya makala ku uso na baridi ku mugongo ilinirudisha mbele ya mbabula ya mama yangu, kabisa.

Maji yenyewe. Kuko chemchemi ine mu mita 50 tu na kila moja ni maji yake: jina Shiroyu maana yake maji nyeupe, Kuroyu maji nyeusi, Nakanoyu ya katikati, Takinoyu ya maporomoko. Hawaogi mule na sabuni kama tunaogaka sisi mu beseni. Unavua nguo zote, zote kabisa, unajisafisha mbele, unajimwagia maji, njo unaingia na kukaa kimya. Kile kitambaa kidogo hakiingii mu maji, batu banakiweka ku kichwa. Nywele pia haziingii, na sisi tuko na rasta mpaka mugongoni, tulizikunja tukafunga na foulard, basi, hakuna mutu alisema kitu.

Siri ya siku mbili iko hapa. Siku ya kwanza akili yote iko ku haya. Mi nimelelewa kwamba hauvui nguo mbele ya mama mwenye umri wa mama yako, na mule ndani kulikuwa na ba mama wa miaka makumi saba. Nilikaa dakika tano nikatoka. Siku ya pili haya ilikuwa imeisha, nikakaa mpaka vidole vikakunjana. Kuko bwawa ya inje ya wanawake peke yao, na kuko ile kubwa ya kuchanganyika wanaume na wanawake, lakini maji ni meupe kama maziwa, ukishaingia mpaka ku mabega hakuna mwenye anaona kitu. Tuliingia ile kubwa usiku, theluji inaanguka inayeyuka mbele ya kugusa maji. Wenye banakujaka kuoga na kurudi, saa yao inaishiaka saa tisa ya muchana, kisha ya pale banabaki wenye banalala tu. Ndiyo maana usije kuoga na kurudi.

Na hapo nikashituka. Chini ya bwawa ni changarawe, na maji inatokea mule mule, hapana ku bomba. Nilisikia mapovu yananipanda ku mapaja, na mi ni mutu wa Goma, sisi tukiona mapovu mu ziwa tunatoka, tunajua mazuku, tunajua hewa yenye inauaka mutu amelala. Nilisimama. Mama muzee mumoja aliyekuwa karibu akapiga maji pole pole na mukono wake, akanionyesha nikae, akachota changarawe na mukono akanipatia. Ilikuwa moto. Nikasema "aksanti mama", akainamisha kichwa. Nikakaa.

Harufu ni ya salfa, ile ile yenye Nyiragongo, volkano ya kwetu Goma, inatuleteaka siku zingine asubuhi. Mi nilikimbia mpaka Sake usiku ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati ililipuka, na muvungu moja ya nguo, na tangu ile siku harufu hii ilikuwa inanifunga kifua. Hata mlima wa jirani pale, Komagatake, ulilipuka 1970. Lakini mara ya kwanza mu maisha yangu niliinusa na mwili ukalegea. Usiku ule nililala bila kuamuka, sijalala vile miaka mingi.

Angalisho moja: toa bijuu za fedha mbele ya kuingia. Mwenzangu alisahau cheni yake ya mama yake, dakika kumi ikawa nyeusi kama makala. Tuliisugua na dawa ya meno na kitambaa laini tukiwa mu treni, ikarudi, isipokuwa mu vifundo.

Mengine mafupi. Kanzu ya pamba banakupatia, upande ya kushoto unalala juu ya kuume, kinyume ni ya maiti. Viatu vya mu choo vinabakia mu choo. Kama unaenda mwezi wa pili, nunua bote za kweli zenye kushika chini, juu kutoka chumba mpaka ku bwawa ya inje unatembea ku barafu, na zile tunanunuaka Birere, hapa Goma, zilinitereza mara mbili mbele ya chakula ya asubuhi.