Casio fx-991EX: ubishi wa mabano unaishia kwenye kioo

Watu hubishana kama 12÷3(1+1) ni 2 au 8. Iandike kwenye kikokotoo hiki cha Casio, bonyeza =. Kinatoa 2, na hapo hapo kioo kinaonyesha 12÷(3(1+1)): kimeweka mabano chenyewe, kwa kuwa alama ya × iliachwa. TI-84 Plus, kikokotoo cha Texas Instruments, hutoa 8. Hakuna kilichoharibika; kanuni zinatofautiana, na BODMAS ya darasani (kanuni ya hesabu ipi ianze) haisemi lolote kuhusu × iliyoachwa. Napenda sana kwamba Casio hii haifichi ilivyosoma swali. Ukitaka 8, andika 12÷3×(1+1).

Ukinunua katikati ya Nairobi, jaribu 2+3×4 dukani kwanza. Casio hii hutoa 14. Vile vikokotoo vya kaunta vya bei ndogo hutoa 20, maana hujumlisha kabla hujamaliza kuandika. Mwanafunzi wa sekondari asipewe hivyo vya kaunta.