Kitalu cha miche ya parachichi, barabara ya Kibosho

Nimenunua miche 15 ya parachichi aina ya Hass, ya kubebesha (kikonyo kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine), kwenye kitalu kimoja cha barabara ya Kibosho hapa Moshi. Kila mmoja shilingi 5,000. Wanaotembeza mjini wanauza chini ya hapo, lakini nimelipa bila kinyongo, na sababu ni mizizi.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua kwingine. Majani yalimeremeta, nikapanda kihambani kati ya migomba. Mwaka huu minne ikaanza kulala kila upepo ukivuma, na mmoja niliung'oa kwa mkono. Chini nilikuta umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, vilevile: mizizi imejiviringa duara, minene kama kidole gumba, imekabana yenyewe kwa yenyewe. Niliumia sana.

Kwa hiyo safari hii nilimwambia mwenye kitalu, "Kaka, naomba nione mizizi." Hakuguna. Alichukua wembe, akapasua kiriba, akaniwekea mche kiganjani. Mzizi mkuu umenyooka, vile vidogo vyeupe ndiyo kwanza vimefika ukingoni. Akanieleza kwamba mzizi wa parachichi hauishii kurefuka. Kati ya mirija ya maji na mirija ya chakula kuna tabaka jembamba la seli, kambiamu, linalotengeneza mti mgumu kwa ndani na mirija mipya ya chakula kwa nje. Ngozi ya kwanza hupasuka ikabanduka, gamba likashika nafasi yake. Basi pale mzizi ulipojikunja ukiwa kama uzi, pakishakuwa mti hapakunjuki tena. Panazidi kunenepa na kubana mizizi ya jirani. Mgomba hauna kambiamu, mizizi yake hubaki kamba zilezile, ndiyo maana miaka yote ya kulima ndizi sikuwahi kuyaona haya.

Lawama yangu ni udongo wa viriba. Ni mzito, unatuamisha maji, na mizizi ya parachichi haichelewi kuoza kwenye maji. Nilimshauri aongeze mchanga. Akasema wateja hawapendi kiriba chepesi. Sikukubaliana naye. Usafiri pia hana, nilikodi guta.

Nitarudi kabla ya masika kuchukua mingine 10. Ukienda, chagua ile mifupi ya mbele. Mirefu ya nyuma ya banda imekaa mno kwenye viriba. Nilikiinua kimoja, mizizi imeshatoboa chini na kuanza kuzunguka.