Kutoka Spacio hadi Forester: gari lililochaguliwa na magoti ya mama

Kwa miaka tisa familia yetu ilitembelea Toyota Spacio ya mwaka 2003, ile ya injini ya 1NZ, cc 1,500. Sina neno baya juu yake. Imewapeleka wanangu wawili kliniki, chekechea na shule, na fundi yeyote wa chini ya mwembe aliweza kuifungua asubuhi na kukukabidhi jioni ikiwa nzima. Ila tulipohamia Goba, pembeni mwa Dar es Salaam, ambako kutoka lami hadi getini kwetu ni kama kilomita mbili za udongo, ikaanza kuteseka. Kila masika mvua ilichimba mifereji katikati ya njia, nami nikawa nasikia mawe yakikwaruza chini ya miguu yangu. Bushi na shokapu tulinunua mpaka muuza spea wa Gerezani akanizoea.

Tungeendelea kuvumilia kama si mama. Alihamia kwetu mwaka 2023 kutoka Lushoto, magoti yote mawili yakiwa hayamtaki tena. Kila Alhamisi ana mazoezi ya viungo hospitalini. Spacio ni gari la chini, kwa hiyo mama alikuwa haketi, anajiachia tu kama mtu anayekaa kwenye kigoda asichokiona. Kutoka ndiyo ilikuwa shughuli: mume wangu anamvuta mikono miwili, mimi namsukuma mgongo, na yeye anasema "taratibu wanangu, taratibu". Siku moja mlinzi wa hospitali alikuja kutusaidia, mama akaona haya. Kwenye gari akanyamaza njia nzima hadi nyumbani. Usiku ule nikamwambia mume wangu kwamba tunabadilisha gari mwaka huu, hata kama itabidi tukope kwenye SACCOS. Na tulikopa kweli.

Kila mtu akaleta gari lake. Shemeji yangu alisisitiza Harrier tako la nyani, kwa kuwa ni imara na inaheshimika barabarani. Mume wangu aliitaka Mazda CX-5. Jirani alitusifia X-Trail yake. Mimi nilikuwa na RAV4 kichwani, nikitaka ya mwaka 2015 yenye ule umbo jipya. Nikapekua matangazo ya Japani wiki mbili nzima nisiione, mpaka nikaelewa sababu. Kizazi kile cha RAV4 kilichotoka mwaka 2013 hakikuuzwa Japani. Wenyewe waliendelea na umbo la 2005 hadi walipoiondoa sokoni mwaka 2016, na RAV4 ikarudi kwao mwaka 2019. Kwa hiyo RAV4 ya 2015 kutoka Japani ni gari jema, lakini ni lile lile umbo la zamani, na mlango wake wa buti unafunguka kwa upande. Ukiwa umeegesha ukuta kwa ukuta kama tunavyoegesha sisi hapa Dar, mlango wa namna ile ni usumbufu.

Kodi ndiyo iliyotupunguzia orodha. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) cha magari yaliyotumika kipo mtandaoni, na nakuomba ukifungue kabla hujaipenda picha yoyote. Tulipoagiza, mwaka 2024, ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Halafu kuna wa uchakavu: gari lenye zaidi ya miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, likizidi 10 ni asilimia 30. Na hivi vitu hupandiana, kimoja kinahesabiwa juu ya kingine. Tako la nyani la shemeji, cc 2,400 na umri zaidi ya miaka kumi, liliangukia asilimia 10 na asilimia 30 kwa pamoja. Toyota Vanguard ya viti saba, ambayo niliipenda sana, nayo ikaanguka hapo hapo. Gari linaonekana rahisi kwenye tangazo, ukimaliza kulilipia bandarini unakuta ungeweza kupata lililo changa kwa miaka mitatu.

Tukabaki na matatu, yote ya 2015, yote injini ya lita mbili: Nissan X-Trail T32, Mazda CX-5 na Subaru Forester ya umbo la SJ. Nguvu zao zinakaribiana mno, farasi 147, 155 na 148, kwa hiyo kwa matumizi ya familia hapo hakuna cha kubishania.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Sikwenda kuyaangalia magari peke yangu. Nilimchukua mama na watoto, na kwenye buti la Spacio nikapakia madumu mawili ya lita ishirini, baiskeli ya mdogo na kile kigari cha mama cha kutembelea. Tukazunguka kwa watu wenye magari hayo, jirani mmoja, mfanyakazi mwenzangu na binamu wa mume wangu.

X-Trail ya jirani ina viti saba. Watoto waliruka hadi safu ya tatu kwa furaha, kisha mkubwa wangu wa miaka kumi na mmoja akaketi na magoti yakamgusa kidevu. Safu ile ni ya watoto wadogo na safari fupi, na ukiisimamisha, buti linabaki la mifuko miwili ya sokoni. Nilichokipenda ni kitambaa cha viti vyake kisichonyonya maji. Mwenye watoto anajua maana ya hilo, juisi unaipangusa tu. Mama aliingia bila tabu kubwa, ila alilalamika kwamba lazima ajivute.

CX-5 ndiyo niliyoifurahia zaidi nikiwa kwenye usukani. Inashika barabara, na giaboksi yake ni ya gia sita za kawaida, si CVT, ile isiyo na gia za hatua, jambo lililomfurahisha fundi wetu. Binamu anayo ya dizeli, na mume wangu alipoikanyaga kutokea Tegeta nilimwona macho yanang'aa. Lakini injini ile ni cc 2,188, ikarudi kwenye asilimia 10. Pia dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi ambacho kinahitaji mwendo mrefu wa kasi ili kijisafishe. Mimi ni Goba na mjini, foleni asubuhi na foleni jioni. Ya petroli ingetufaa, ila kuna kitu mama alikisema ambacho sikukitegemea. Aliketi nyuma, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Humu naona anga tu." Mstari wa madirisha ya CX-5 unapanda kwenda nyuma, kwa mtu mfupi kama mama vioo viko juu. Na mama hutapika garini asipoona njia. Ukikumbuka kona za kupanda Soni kutoka Mombo, njia ya kwenda kwao Lushoto, utanielewa.

Forester ya mwenzangu tuliifikia saa kumi na moja jioni, mama akiwa amechoka. Mlango wa nyuma ulifunguka mpana. Mama aligeuka, akaupa mgongo mlango, akashika juu ya mlango kwa mkono mmoja, akarudi nyuma nusu hatua, kiti kikampokea pale pale kwenye nyonga. Hakushuka wala hakupanda. Akaingiza mguu wa kwanza, akauinua wa pili kwa kushika gauni kwenye goti, akakaa. Hakuna aliyemgusa. Sote tulikuwa tumesimama mikono ikiwa tayari kumshika, na hatukuwa na kazi. Akaangalia nje dirishani, madirisha ya gari lile ni makubwa kweli, akasema, "Hili." Mume wangu hakuitaja tena Mazda baada ya hapo.

Kununua penyewe kulikuwa na somo lake. Kabla ya kuagiza tulijaribu yadi moja hapa mjini kwa sababu tulitaka gari haraka. Tulikuta gari zuri, linang'aa, dashibodi inasoma kilomita 48,000. Fundi alinivuta pembeni akanionyesha mpira wa pedali ya breki: ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia upande mmoja, na ngozi ya usukani ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kilomita 48,000 hazifanyi hivyo. Nilipoomba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandika hali ya gari na kilomita zake, muuzaji alisema ilipotea. Tuliondoka. Baadaye tuliagiza wenyewe, na karatasi ya mnada tuliipata kabla ya kutuma hata shilingi: daraja la 4, kilomita 71,000, mikwaruzo miwili imeandikwa ilipo. Likafika na mikwaruzo ile ile, pale pale. Nilipendelea kilomita 71,000 za kweli.

Sasa tumelitumia mwaka na zaidi, na nieleze lilivyo bila kuficha.

Njia ya Goba imekuwa njia ya kawaida. Uwazi wa milimita 220 chini ya gari unatosha, na masika yaliyopita sikusikia jiwe hata mara moja. Matairi yote manne yanavuta muda wote, hivyo kwenye matope gari halihangaiki kutafuta mguu. Desemba tulimpeleka mama kwao. Mombo hadi Lushoto ni lami yenye kona, mama aliongea njia nzima, hakutapika. Kutoka mjini Lushoto kwenda kijijini mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu unateleza kama mlenda. Nilibonyeza kitufe cha X-Mode, kinachosaidia gari kwenye utelezi na miteremko, nikaachia breki kwenye mteremko, gari likashuka lenyewe polepole likijizuia. Wanangu walikuwa kimya kabisa, hata mimi nilikuwa kimya. Ukitafuta Forester ya umbo hili, hakikisha ina kitufe hicho, maana matoleo ya bei ya chini hayana.

Mafuta ni suala. Kwa vipimo vyangu vya kujaza tangi na kuhesabu, foleni za Dar zinanipa kilomita 8 kwa lita, siku mbaya 7. Safari ndefu inafika 12. Spacio ilikuwa inanipa 12 mjini. Bajeti ya petroli imepanda kwa nusu nzima, na asiyejiandaa kwa hilo ataliegesha.

Matairi nayo yana sharti lake. Gari linalovuta kwa yote manne wakati wote linataka matairi yanayolingana, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Tairi moja likichanika vibaya huku mengine yameshaisha nusu, jiandae kununua zaidi ya moja. Spea zipo, lakini bei si ya Toyota, na si kila gereji inaielewa injini iliyolala ubavu namna ile. Tafuta fundi wa Subaru kabla ya kutafuta Subaru. Faida ni kwamba injini yake, ile ya FB, inatumia cheni, haina ule mkanda wa taimingi wa injini za zamani za EJ uliokuwa unataka kubadilishwa kila unapofika kilomita 100,000.

Yapo na madogo. Redio yake ni ya masafa ya Japani, inaishia FM 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazishiki hadi ufunge kifaa cha kugeuza masafa. Ramani ni ya Kijapani, haina kazi. Letu lina kamera mbili za EyeSight, mfumo wa kuonya na kushika breki, juu ya kioo cha mbele, na bodaboda wakikatiza mbele yako linapiga kelele kila dakika. Mwanzo iliniudhi. Halafu jioni moja pale Mwenge kijana wa bajaji alisimama ghafla, gari likalia na kushika breki kabla mguu wangu haujafika. Tangu siku hiyo sijaizima. Jua tu kwamba kioo hicho cha mbele kikipasuka, si kila fundi wa vioo atakibadilisha na kuzipanga kamera sawasawa.

Giaboksi yake ni CVT, na hapa nawasihi wenzangu. Watu wengi wanaziogopa CVT, na wengi waliopata shida nazo ninaowajua walikuwa hawajawahi kubadilisha oili yake, au waliwekewa oili ya giaboksi ya kawaida. Tulibadilisha ya kwetu mwezi wa kwanza tu, kwa oili ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala. Fundi ameandika tarehe na kilomita kwa maka pen ndani ya boneti, na ninapanga kurudia kila kilomita 40,000. Tumebakiza kilomita elfu sita. Pesa yake nimeshaanza kuiweka pembeni, kwenye bahasha ile ile ya nauli za Alhamisi za mama.